Kuiweka Tovuti Ipatikane kwa Urahisi Mtandaoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tovuti yangu iko hewani tayari. Mbona haionekani ninapoitafuta?

Kuwa hewani na kupatikana ni mambo mawili. Tovuti huwa hewani pindi seva inapoweza kuitikia anwani yake. Hupatikana pale tu ambapo mtambo wa utafutaji, kama vile Google, Bing au Yandex, umeifikia, umeisoma, umeiingiza katika faharasa yake (orodha ya kurasa ulizozisoma), na hatimaye umeona kwamba inafaa kuonyeshwa kwa mtu aliyetafuta jambo fulani. Tovuti inaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na dawa ya hatua moja haitibu nyingine. Kuongeza makala hakusaidii kitu ikiwa roboti ya mtambo, yaani programu inayotembelea na kusoma kurasa, imezuiwa kuingia, na kuiruhusu iingie hakusaidii ikiwa ndani hamna kinachotafutwa na yeyote.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kubaini umekwama wapi. Andika katika kisanduku cha utafutaji neno site, nukta pacha (:), kisha jina la kikoa chako (anwani ya tovuti, kama mfano.com) bila kuacha nafasi. Kama hakuna ukurasa hata mmoja unaotokea, huenda tovuti haijaingia katika faharasa. Kama kurasa zinatokea, lakini zinapotea unapotafuta kwa maneno ya kawaida, basi zimo na zimepangwa nyuma ya kurasa za wengine. Kipimo hiki ni cha kukadiria tu. Majibu ya uhakika hutolewa na zana zinazoelezwa katika swali linalofuata.

Je, ni lazima niisajili tovuti kwa Google?

Si lazima. Roboti za mitambo ya utafutaji hutembea kutoka ukurasa hadi ukurasa kwa kufuata viungo, na tovuti iliyounganishwa na tovuti nyingine inayojulikana hatimaye hufikiwa bila mwenyewe kuomba. Hata hivyo, ni busara kufungua akaunti katika Google Search Console na Bing Webmaster Tools, ambazo zote hazilipiwi. Utatakiwa kuthibitisha kwamba tovuti ni yako, ama kwa kuweka faili ndogo kwenye seva ama kwa kuongeza rekodi katika mipangilio ya DNS ya kikoa (mfumo unaounganisha jina la kikoa na seva). Baada ya hapo utaona ni kurasa zipi zimeingia katika faharasa, zipi zimeachwa na kwa sababu gani, na watu walitafuta maneno gani kabla ya kubofya.

Wengi hufungua akaunti ya Google pekee na kuisahau Bing, jambo ambalo si la busara sana, kwa sababu DuckDuckGo, mtambo mwingine wa utafutaji, nayo hupata sehemu kubwa ya matokeo yake kutoka Bing. Tena Bing na Yandex hukubali itifaki ya IndexNow, iliyoanzishwa mwaka 2021, inayoiwezesha tovuti kutoa taarifa papo hapo kila ukurasa unapoongezwa au kubadilishwa.

Faili ya robots.txt ni nini, na kwa nini huhusishwa na matatizo mengi?

Ni faili ya maandishi matupu inayowekwa kwenye mzizi wa tovuti ili kuziambia roboti zipite wapi na zisipite wapi. Ilipendekezwa mwaka 1994 na Martijn Koster, ikatumika kwa makubaliano tu kwa karibu miongo mitatu, hadi ilipoandikwa kuwa kanuni rasmi ya intaneti, RFC 9309, mwezi Septemba 2022. Roboti waungwana huitii. Roboti wakorofi huipuuza, kwa hiyo isitumiwe kamwe kuficha siri.

Matatizo yake ni ya namna mbili. La kwanza hutokea wakati wa ujenzi. Mtengenezaji huweka mstari mmoja wa Disallow wenye mkwaju mmoja (/), ambao maana yake ni kwamba tovuti nzima isitembelewe, akikusudia kuuondoa siku ya uzinduzi, kisha mstari ukabaki. WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, ina kisanduku kinachofanya kazi inayokaribiana na hiyo katika mipangilio ya usomaji, kinachoiomba mitambo isiiingize tovuti katika faharasa. Ikiwa tovuti mpya haionekani kabisa, tazama hapo kabla ya kumlipa mtu yeyote.

La pili ni la kutatanisha zaidi. Faili hii huzuia kutembelewa, haizuii kuorodheshwa. Ukurasa uliofungwa kwa robots.txt unaweza bado kutokea katika matokeo, ukiwa anwani tupu isiyo na maelezo, endapo tovuti nyingine zimeuwekea viungo. Anayetaka ukurasa usionekane kabisa anatakiwa kuuwekea ndani yake agizo la noindex, linalokataza kuorodheshwa, na kuuacha wazi ili roboti iweze kulisoma agizo hilo. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, roboti haitaingia, haitaliona agizo, na ukurasa unaweza kubaki palepale.

Ramani ya tovuti ina kazi gani?

Ramani ya tovuti ni faili ya XML (muundo wa maandishi unaosomwa na programu) inayoorodhesha anwani za kurasa unazotaka zisomwe. Faili moja huruhusiwa kubeba anwani zisizozidi 50,000 na ukubwa usiozidi megabaiti 50 kabla ya kubanwa. Tovuti kubwa hugawa ramani yake katika faili kadhaa. Mifumo mingi ya kuendeshea tovuti huitengeneza yenyewe, na kazi yako ni kuiwasilisha katika zana za wasimamizi na kuhakikisha haibebi kurasa zilizofutwa. Ramani ni pendekezo, haimlazimishi yeyote kuorodhesha chochote. Tovuti yenye kurasa chache zilizounganishwa vizuri inaweza kuishi bila hiyo.

Jina la kikoa lina uzito kiasi gani?

Lina uzito mdogo kuliko watu wanavyodhani. Kulijaza jina maneno yanayotafutwa hakuinui nafasi ya tovuti kwa kiwango kinachostahili gharama ya jina refu lisilokumbukwa. Chagua jina fupi, linalotamkika, ambalo mtu akiambiwa kwa simu anaweza kuliandika bila kuuliza herufi. Kikoa cha nchi huashiria kwamba tovuti inawahusu zaidi watu wa nchi hiyo, na kile cha jumla, kama .com au .org, hakifungamani na nchi yoyote.

Jambo lenye uzito zaidi ni umiliki. Hakikisha kikoa kimesajiliwa kwa jina lako au la taasisi yako, wala si kwa jina la fundi aliyekutengenezea tovuti, na kwamba barua pepe ya usajili ni ile unayoisoma. Kikoa kilichoachwa kikaisha muda wake kinaweza kusajiliwa na mtu mwingine, naye akarithi viungo vyote ulivyojipatia kwa miaka.

Kichwa cha ukurasa kiandikweje?

Kichwa kinachozungumziwa hapa ni kile kilichomo katika lebo ya title ya HTML (lugha inayotumika kuandika kurasa za wavuti), ambacho huonekana kwenye kichupo cha kivinjari na, mara nyingi, kama mstari mkubwa unaobofywa katika matokeo ya utafutaji. Kila ukurasa unahitaji kichwa chake. Tovuti yenye kurasa thelathini zote zikiitwa Mwanzo, au zote zikibeba jina la taasisi peke yake, huilazimisha mitambo kubahatisha kila ukurasa unahusu nini, na humlazimisha msomaji kubahatisha vilevile.

Tanguliza jambo mahususi, kisha jina la tovuti. Kichwa kama Jinsi ya kubadilisha betri ya kompyuta mpakato, kikifuatwa na jina la tovuti, kinajitosheleza. Kichwa kama Karibu katika huduma zetu bora hakimwambii mtu lolote. Hakuna idadi rasmi ya herufi, ila matokeo hukata vichwa kulingana na upana wa skrini, hivyo maneno ya maana yasiachwe mwishoni.

Maelezo mafupi yanayowekwa katika lebo ya description hayapandishi nafasi ya ukurasa katika Google. Kazi yake ni kumshawishi msomaji abofye, na hata hivyo mtambo huweza kuyaacha na kuchota sentensi nyingine kutoka kwenye ukurasa ikiwa inalingana zaidi na swali. Yaandike kwa kurasa muhimu. Kwa zilizobaki, aya ya kwanza iliyoandikwa vizuri hutosha.

Nitajuaje maneno ambayo watu huyatumia wanapotafuta?

Hapa ndipo penye kazi halisi. Mwenye tovuti hulijua jambo lake kwa lugha ya wataalamu, ilhali anayetafuta hulijua kwa lugha ya shida aliyo nayo. Fundi anaweza kuandika ukarabati wa vifaa vya upozaji, na mteja akawa anatafuta friji haigandishi. Mitambo ya leo ina uwezo mkubwa wa kuoanisha maneno yenye maana zinazokaribiana, lakini uwezo huo hutofautiana kati ya lugha na lugha, na hutegemea wingi wa maandishi ambayo mtambo umeyasoma katika lugha husika. Anayeandika katika lugha yenye maandishi machache mtandaoni hana budi kuwa makini zaidi kuyatumia maneno yenyewe ambayo watu huyaandika, pamoja na maneno ya mkopo yaliyozoeleka, hata kama kamusi ina neno zuri zaidi.

Chanzo bora cha maneno hayo ni maswali ambayo tayari unaulizwa. Pitia barua pepe, ujumbe wa simu na mazungumzo na wateja au wasomaji, kisha yanukuu maswali kama yalivyoulizwa. Andika neno moja katika kisanduku cha utafutaji na uyatazame mapendekezo yanayojitokeza, kwa maana hayo hutokana na utafutaji halisi wa watu. Tovuti ikishakuwa na miezi michache, ripoti ya utendaji ya Search Console itakuonyesha maneno yaliyoifanya ionekane. Maneno yenye maonyesho mengi na mibofyo michache hudokeza kwamba ukurasa unagusa jambo bila kulijibu, au kwamba kichwa chake hakivutii.

Baada ya kuyajua maneno, jiulize anayeyatafuta anataka nini: maelezo, kununua, au kufika mahali fulani. Ukurasa wa mauzo hautapanda kwa urahisi mbele ya watu wanaotaka kuelezwa jambo, hata ungepambwa vipi.

Neno kuu lirudiwe mara ngapi?

Mara nyingi kadiri sentensi nzuri inavyolihitaji. Kujaza neno lilelile kila mstari ni kinyume cha miongozo ya Google, na humkera msomaji kabla ya kuukera mtambo. Ile lebo ya zamani ya keywords isikusumbue pia. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii katika kupanga matokeo.

Picha zinasaidia au zinazuia?

Zinasaidia zikiandaliwa. Mpe kila picha jina la faili linaloeleweka na maandishi mbadala katika sifa ya alt, yanayoeleza kilichomo kwa sentensi fupi. Maandishi hayo huwafaa kwanza wasomaji wasioona, ambao programu zao za kusoma skrini huyatamka, na kisha huifaa mitambo. Kosa la kawaida ni kuweka ratiba, bei au anwani ndani ya picha: mtu anayenakili hawezi kunakili, na mtambo hauna hakika ya kuyasoma. Punguza uzito wa picha kabla ya kuzipakia. Miundo ya WebP na AVIF kwa kawaida hutoa faili nyepesi kuliko JPEG kwa ubora unaokaribiana.

Kasi na mwonekano kwenye simu vina umuhimu gani?

Google ilitangaza mwaka 2016 kwamba itaanza kuzitegemea kurasa kama zinavyoonekana kwenye simu, na mwaka 2023 ikasema kazi hiyo imekamilika. Maana yake ni kwamba kilichoondolewa katika toleo la simu huhesabiwa kama hakipo, hata kama kinaonekana vizuri kwenye kompyuta. Tengeneza ukurasa mmoja unaojirekebisha kulingana na skrini badala ya kutunza matoleo mawili.

Kuhusu kasi, Google ina vipimo vitatu: kitu kikubwa zaidi kinachoonekana kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na vilivyomo visirukeruke wakati wa kupakia, kipimo ambacho hakitakiwi kuzidi 0.1. Vipimo hivi vina nafasi katika upangaji, ingawa ukurasa wa kasi usiojibu swali hauwezi kuushinda ukurasa wa polepole kidogo unaolijibu. Kwa maoni yangu, sababu kubwa zaidi ya kujali kasi ni msomaji anayelipia data na ambaye mtandao wake ni dhaifu. Huyo huondoka kabla ya ukurasa kufunguka. Mzigo mkubwa kwa kawaida huwa picha zisizopunguzwa, programu-jalizi zilizowekwa na kusahauliwa, na hati za matangazo na takwimu zinazoitwa kutoka seva za wengine.

Je, HTTPS ni ya lazima?

Kwa vitendo, ndiyo. HTTPS ni njia ya kufungua tovuti ambayo husimba mawasiliano kati ya msomaji na seva. Google iliifanya kuwa mojawapo ya vigezo vyake vyepesi mwaka 2014, na vivinjari huzionya kurasa zisizo nayo kuwa si salama. Cheti kinachoiwezesha hupatikana bila malipo kupitia Let's Encrypt, na kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti hukiweka na kukihuisha zenyewe. Hakikisha anwani ya zamani ya HTTP inaelekezwa moja kwa moja kwenye ile ya HTTPS.

Viungo kutoka tovuti nyingine hupatikanaje?

Google ilianzishwa mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin juu ya wazo kwamba kiungo kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ni aina ya ushahidi, na kwamba ushahidi wa ukurasa unaoheshimiwa una uzito zaidi. Vigezo vimeongezeka tangu wakati huo, lakini wazo hilo halijatupwa. Viungo bora huja kwa sababu ukurasa una kitu kisichopatikana kwingine: takwimu ulizokusanya mwenyewe, mwongozo kamili, chombo cha kukokotoa, picha halisi za kazi. Washirika, vyama vya kitaaluma na wasambazaji mnaofanya nao kazi wanaweza pia kuombwa waziunganishe kurasa zao na yako, na hilo ni ombi la haki.

Kununua viungo ili kupanda nafasi ni kukiuka miongozo ya Google, na tangu sasisho lililoitwa Penguin la mwaka 2012 viungo vya namna hiyo vimekuwa vikipuuzwa au kuadhibiwa. Kiungo kilicholipiwa kama tangazo kiwekewe alama ya sponsored.

Viungo vya ndani husahauliwa mno, ilhali viko mikononi mwako. Ukurasa usiounganishwa na ukurasa wowote wa tovuti yako ni vigumu kufikiwa, na maneno ya kiungo yaseme unakokwenda. Bofya hapa haisemi lolote.

Ukurasa mmoja unapatikana kwa anwani kadhaa. Je, nitaadhibiwa?

Hapana, isipokuwa kama unakusudia kudanganya. Mtambo utachagua anwani moja, na huenda ukachagua usiyoitaka. Iteue mwenyewe kwa lebo ya canonical, iliyokubaliwa mwaka 2009 na Google, Microsoft na Yahoo.

Tovuti yangu ina lugha mbili. Nifanyeje?

Kila lugha iwe na anwani zake, kwa mfano katika saraka tofauti, kisha kurasa zinazolingana zionyeshane kwa sifa ya hreflang, ambapo Kiswahili huandikwa sw. Uhusiano huo uwe wa pande zote mbili: ukurasa wa kwanza ukiutaja wa pili na wa pili usiutaje wa kwanza, maelezo hayo yanaweza kupuuzwa. Usimhamishe mgeni kwa nguvu kwenda lugha fulani kwa kuangalia nchi aliyomo, kwa sababu roboti nazo zitahamishwa na huenda zisiione kabisa lugha ya pili. Tafsiri za mashine zilizomwagwa bila kupitiwa na mtu ni afadhali zisichapishwe.

Matokeo huonekana baada ya muda gani?

Mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache, mengine baada ya miezi kadhaa. Ni vyema kusubiri wiki kadhaa kabla ya kuamua kwamba badiliko halikufaa, na kutobadilisha mambo mengi kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua lililoleta tofauti.

Kampuni imeniahidi nafasi ya kwanza. Niikubali?

Ikatae. Hakuna aliye na uwezo wa kuahidi nafasi ya kwanza katika matokeo ya kawaida, na Google yenyewe huonya dhidi ya ahadi hizo. Haipokei malipo ili kuipandisha tovuti. Kinacholipiwa ni matangazo, ambayo huandikwa wazi kuwa yamedhaminiwa. Mtaalamu wa kweli atakuuliza kuhusu wasomaji wako, ataomba kuiona Search Console, na ataeleza kila anachokusudia kubadilisha.

Je, majibu ya akili mnemba yameifanya kazi hii kuwa bure?

Yameibadilisha. Google ilianza kuonyesha mihtasari ya akili mnemba juu ya matokeo mwaka 2024, na mtu aliyepata jibu fupi hapo huenda asibofye kiungo chochote. Kurasa zinazoathirika zaidi ni zile zinazojibu jambo la sentensi moja. Zenye uzoefu, vipimo au picha za mwandishi mwenyewe bado zina sababu ya kufunguliwa. Mihtasari hiyo hutegemea kurasa zilizomo katika faharasa, kwa hiyo yaliyoelezwa hapo juu hayabadiliki. Asiyetaka maandishi yake yafunze mifumo ya akili mnemba anaweza kuzitaja roboti husika katika robots.txt, kwa mfano GPTBot ya OpenAI, au alama ya Google-Extended, ambayo haiathiri nafasi ya tovuti katika utafutaji wa Google.

Ninataka kuhamia kikoa kipya. Nitapoteza kila kitu?

Hupotezi kila kitu ukipanga mapema. Andaa orodha ya anwani zote za zamani na mpya, kisha elekeza kila moja kwenye mwenzake kwa uelekezaji wa kudumu wa 301 (jibu la seva linalosema ukurasa umehamia anwani nyingine). Kuzirusha zote kwenye ukurasa wa mwanzo ni kosa, kwa maana mtambo huweza kuzihesabu kuwa zimefutwa. Toa taarifa ya uhamaji katika Search Console, sahihisha viungo vya ndani na ramani ya tovuti, na uendelee kukilipia kikoa cha zamani huku uelekezaji ukifanya kazi kwa angalau mwaka mmoja. Nafasi zako zinaweza kuyumba kwa wiki kadhaa baada ya kuhama.